Kunyamazisha ERCC1 kabla ya sisplatini: majaribio kwenye seli za saratani ya umio

Saratani ya umio inatutesa sana Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi hufika hospitali chakula kikiwa hakipiti tena. Sisplatini ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa, ila uvimbe mwingi huizoea. Dawa hii hubana DNA kwa vifungo. Protini ya ERCC1, ikishirikiana na protini nyingine iitwayo XPF, huvikata na seli ikapona. Ndiyo maana tunainyamazisha jeni ya ERCC1 kwanza, yaani tunaizuia isitengeneze protini hiyo. Haya ni majaribio ya maabara, bado si tiba ya mgonjwa.

Hatua ya 1: Panda seli. Mimi hutumia KYSE-30, seli zenye asili ya mgonjwa wa Japani. Weka seli 3,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96, kwenye midia (maji ya lishe ya seli) isiyo na antibiotiki. Panda na sahani ya visima 6 ya kupimia protini. Ziache hadi kesho yake, nyuzi 37.

Hatua ya 2: Nyamazisha. Changanya siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni) na lipidi, yaani mafuta ya kuibeba, katika midia isiyo na seramu, kisha dondoshea seli, siRNA ifike 10 nM. Tumia siRNA mbili tofauti za ERCC1, kwani moja peke yake huenda ikagusa jeni nyingine usijue. Weka pia visima vya siRNA isiyolenga jeni yoyote, vya lipidi pekee, na vya seli zisizoguswa.

Hatua ya 3: Subiri. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. siRNA huivunja mRNA, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini. Protini iliyokwisha kutengenezwa haiigusi. Baada ya saa 24 utapima mRNA, utaona imeshuka, utatia dawa, kumbe ERCC1 ingalipo inakarabati DNA kama kawaida. Kwa hiyo kabla ya jaribio lenyewe, vuna seli saa 24, 48 na 72, upime protini kwa western blot (kipimo kinachoonyesha protini kama mistari), aktini, protini ya kulinganishia, ikithibitisha kwamba umepakia sawasawa. Saa ambayo mstari wa ERCC1 unafifia ndiyo saa ya kutia dawa. Kwa kawaida ni kama 48. Usichelewe mno pia, maana seli zikigawanyika siRNA hupungua.

Hatua ya 4: Tia sisplatini. Iyeyushe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kamwe si DMSO, kwa sababu DMSO hujishika kwenye platini na dawa ikapoteza nguvu. Dozi: 0, 1, 2, 5, 10 na 20 µM, visima vitatu kila moja. Acha saa 48.

Hatua ya 5: Pima seli zilizobaki hai kwa MTT, kemikali ya rangi ya njano. Seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Nyonya midia taratibu fuwele zisiondoke, ziyeyushe kwa DMSO (hapa inafaa), usome 570 nm.

Hatua ya 6: Piga hesabu. Vifo kuongezeka hakutoshi kusema viwili hivi vimeongezeana nguvu. Ikiwa kunyamazisha pekee kumeacha asilimia 80 hai, na sisplatini pekee 50, kila kimoja kikifanya kazi kivyake tungetarajia 40. Ukipata 38, hujaona kitu. Ukipata 20, na siRNA zote mbili zimekubaliana, rudisha ERCC1 kwa plasmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni) ambayo siRNA haiitambui, uone kama ukinzani unarudi. Kisha rudia yote kwenye seli za umio zisizo na saratani, kwa sababu nazo huihitaji ERCC1 kukarabati DNA yao.