Kuendesha Kikundi cha Tiba kwa Watu Wazima Wenye Matatizo ya Ulaji

Mtu mzima mwenye tatizo la ulaji huwa amelificha kwa miaka mingi, pengine hata mwenzi wake wa ndoa halijui, na ndiyo maana kikundi humfaa: humo humsikia mtu mwingine akilitamka jambo ambalo yeye alidhani ni aibu yake peke yake. Hata hivyo, kikundi hichohicho kisipolindwa hugeuka mahali pa kujilinganisha, na hata pa kushindania wembamba.

Kabla ya kumpokea yeyote, zungumza naye faragha na uhakikishe amepimwa na daktari. Anayejitapisha au kutumia dawa za kujiharishia hupoteza potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga sawasawa, na upungufu wake unaweza kuvuruga mapigo ya moyo ilhali kwa macho anaonekana mzima kabisa. Ambaye mwili wake umedhoofu mno, au anayefikiria kujiua, atibiwe kwanza hospitalini, nawe umwekee nafasi yake. Watu sita hadi wanane wanatosha, kwa dakika 90 kila wiki, siku na saa ileile.

Katika kikao cha kwanza kubalianeni kuhusu usiri, kisha wekeni kanuni ambayo mimi siilegezi kamwe: namba hazitajwi. Kilo, saizi ya nguo, kalori na siku ambazo mtu alikaa bila kula huachwa nje ya mlango, na mbinu za kujitapisha hazielezwi, kwa sababu anayesikiliza anaweza kuzibeba kwenda kuzijaribu. Mtu akianza, “Wakati ule nilikuwa na kilo…”, mkatize kwa upole: “Namba tuiache. Siku hizo zilikuwaje kwako?” Mara nyingi hapo ndipo habari yenyewe hutoka, iwe ni ugomvi wa nyumbani au upweke wa jioni.

Mwenye tatizo la kula kupita kiasi bila kujizuia, ambalo Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza kwenye mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, huja akihofia kuonekana mlafi tu mbele ya wenye anoreksia, yaani wanaojinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Litamkeni jambo hilo waziwazi mapema.

Mkila pamoja, kula nao. Utamwona mmoja akikatakata chakula vipande vidogo mno na kuvisogeza ukingoni mwa sahani. Usimtangaze mbele ya wenzake, bali muulize kwa sauti ya chini ni kipi kinachomwia kigumu wakati huo. Baada ya kula bakini mmeketi na kuzungumza kwa muda, kwa kuwa hamu ya kwenda kujitapisha huwa kali zaidi wakati huo.

Asiyefika bila taarifa mpigie simu siku hiyohiyo, wala usimdai maelezo. Mwambie tu kwamba kiti chake kilikuwa wazi na kwamba wiki ijayo mnamngoja.