Kuvuta leva ya mashine ya espreso bila kuumiza bega

Barista mgeni akiwekwa mbele ya mashine ya leva yenye springi (unashusha mpini mrefu, yaani leva, kubana springi, nayo springi husukuma maji ya moto kupita kwenye kahawa), swali lake la kwanza huwa ni kama ana misuli ya kutosha. Anayo. Tangu Achille Gaggia wa Milano alipoziingiza sokoni mwaka 1948, mashine hizi zimekuwa zikivutwa kutwa nzima na watu wa kila umbo, na baa nyingi za Napoli hazijaziacha hadi leo. Kinachochosha ni kuvuta kwa mkono mtupu badala ya mwili mzima. Na kinachojeruhi ni leva inaporudi juu.

Tupige hesabu kidogo. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la takriban sentimita 19.6 za mraba. Ili isukume maji kwa presha ya baa 9 (baa hapa ni kipimo cha presha), springi lazima ikandamize kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 180 hivi. Leva ndiyo inayokupunguzia mzigo: ikiwa uwiano wake ni kumi kwa moja, mkononi kwako zinafika kilo 18, ukiacha msuguano. Ni pungufu ya ndoo ya maji ya lita 20.

Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba usagaji wa kahawa haubadilishi uzito wa leva unapoishusha. Pale unabana springi, hubani kahawa. La Pavoni Europiccola, mashine ndogo ya nyumbani, ni habari nyingine: haina springi, mkono wako ndio unaosukuma maji, na kahawa iliyosagwa laini mno utaisikia begani.

Hatua ya 1: Mashine isitikisike. Mashine kubwa za baa hutulia kwa uzito wake. Ndogo za nyumbani, kama Elektra Micro Casa a Leva, hutaka kuinuka nyuma ukivuta, kwa hiyo mkono wa pili ushike mpini wa potafilta, yaani kishikio chenye kikapu cha kahawa. Leva ikiwa juu, kiganja chako kisipite sana usawa wa bega. Kaunta ikikuzidi kimo, simama juu ya kibao, usione haya.

Hatua ya 2: Hakikisha kahawa imo. Imeshindiliwa, potafilta imefungwa hadi mwisho. Usishushe leva juu ya kikapu kitupu.

Hatua ya 3: Shusha. Sogea karibu, mguu mmoja mbele, leva iwe mbele ya kifua chako na si ubavuni. Shika kwa kiganja chote, kiwiko karibu na mbavu, kisha egemea. Kiuno na magoti vishuke pamoja na leva, kwa mwendo mmoja usio na papara. Ukiona kifundo cha mkono kimepinda, umesimama mbali mno.

Hatua ya 4: Subiri chini. Kwenye mashine nyingi za baa leva ikifika chini hukaa yenyewe, lakini mkono usiondoke. Maji yanaingia juu ya kahawa. Sekunde 5 hadi 10 zinatosha. Mara nyingi matone ya kwanza yatakuambia.

Hatua ya 5: Irudishe. Hapa ndipo pa kuwa macho. Inua leva taratibu huku umeishika barabara, mpaka usikie imeshika: yaani maji yamekutana na kahawa na springi imepata cha kusukuma. Hapo mkono wako utapoteza mzigo ghafla na leva itapanda polepole peke yake. Achia sasa, si kabla. Ikiwa haishiki, bali inakuvuta juu kwa nguvu ileile, kahawa ni ya chenga mno au maji hayakujaa. Usiiachie, isindikize hadi juu kwa mkono. Ikikuponyoka, usijaribu kuidaka. Leva iliyokosa kizuizi hufyatuka kwa kasi ya kuvunja taya, ndiyo maana uso hauwekwi juu ya njia yake hata unapochungulia kikombe, na mwenzako naye asiinamie hapo.

Springi huanza na takriban baa 8 au 9, kisha presha hushuka kadiri inavyotanuka. Kazi hiyo haihitaji msaada wako. Anayesukuma leva juu ili kahawa iwahi anaiharibu.

Hatua ya 6: Fungua potafilta kwa subira. Leva iwe imefika juu kabisa na matone yamekatika. Ukifungua mapema, machicha ya moto yatakurukia, na springi iliyobaki na nguvu itairusha leva.

Wateja wakijaa, badilisha mikono, na usishushe leva mbili kwa mpigo ili kujionyesha.

Leva ikiwa nzito kuliko jana, au inapanda kwa kukwamakwama, usihangaike na kinu cha kusagia kahawa. Gasketi za pistoni zimekauka, au pini na beringi zinadai grisi. Tumia grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyakula. Kufungua springi yenyewe mwachie fundi mwenye kifaa cha kuibana, kwa sababu hata leva ikiwa juu, ndani bado imekazwa.