Kabla hujahamia Mtwara kwa kusikia kuwa maisha ya huko ni rahisi

Anayepata barua ya uhamisho kuja Kusini huambiwa kauli mbili kabla hajafunga mizigo. Mmoja atampongeza: "Una bahati, Mtwara maisha rahisi, samaki bwerere." Mwingine atamsikitikia kama mfiwa: "Mh, huko ni mwisho wa reli." Reli yenyewe ilijengwa enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza, kuelekea Nachingwea, ikang'olewa miaka ya 1960. Leo mjini Mtwara kata ya Reli ipo, treni hakuna. Mimi nilitoka Mwanza na kauli zote mbili kichwani, na hakuna hata moja iliyonisaidia kupanga bajeti.

Orodha za kulinganisha miji nazo hazitakusaidia sana. Zile za kimataifa, kama ya kampuni ya ushauri ya Mercer, hutumiwa na kampuni zinazopeleka wafanyakazi nchi za nje, zijue posho ya kuwapa. Mwalimu wa Chuno, kata ya hapa Mtwara, hamo. Hapa nchini tukilinganisha, tunalinganisha majiji: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, na Dodoma iliyopandishwa hadhi mwaka 2018. Mtwara-Mikindani na Lindi ni manispaa, kwa hiyo hutupwa kwenye kapu moja linaloitwa "mikoani". Afadhali ufanye hesabu yako. Chukua wiki moja ya kawaida ya huko uliko, isiwe ya sikukuu wala ya mshahara. Andika mlichokula, mlikokwenda, dawa mlizonunua, mtu mliyemzika au mliyemwona hospitali. Kisha ihamishe wiki hiyo, siku kwa siku, uone itakaaje Mtwara.

Ukianza na chungu, utaona mapema kwamba unafuu unategemea mazoea ya tumbo lako. Muhogo, nazi, mbaazi, choroko, njugu mawe, ufuta, hivyo ni vya hapa hapa. Ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha utaikuta kwenye mabeseni barabarani, na ukishaizoea utaitafuta. Lakini kama wanao hawali bila viazi mviringo na maharage ya njano, jua kwamba hivyo vinapanda lori kutoka mbali na nauli yake unailipa wewe sokoni. Samaki naye ana kalenda. Kusi likivuma kwa nguvu, wenye vyombo vidogo hawaendi mbali, na siku hiyo changu anauzwa kama vile ametoka Mwanza kwa ndege.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni msimu wa korosho. Minada huanza Oktoba, mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unaingia ghalani, unauzwa, hela inaingia benki. Kuanzia hapo mkoa unabadilika. Pikipiki mpya zinaonekana, matofali yanapanda, mafundi wanakuwa adimu, harusi zinafuatana wikiendi hadi wikiendi, na hata nauli ya bodaboda usiku inakuwa na kiburi. Oktoba 2024 bei kwenye minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na hali hiyo unaisikia hata kama huna mkorosho hata mmoja. Mwaka 2018 kinyume chake kilitokea: Serikali ilichukua kazi ya kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yakachelewa, na maduka ya mjini yakakaa yakitazama barabara.

Mimi niliingia Novemba. Dalali akanizungusha kwa siku mbili, nikachukua nyumba Magomeni ya hapa hapa Mtwara, nikalipa miezi sita kwa mkupuo, na nikamshukuru kwa kunitafutia bei nafuu kuliko Mwanza. Mwezi wa sita jirani mpya alihamia nyumba inayofanana na yangu, ukuta kwa ukuta, kwa kodi ya chini kabisa kuliko yangu. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, wewe ulilipa bei ya korosho." Kwa hiyo ukiuliza bei yoyote Mtwara, uliza na mwezi wake. Ikiwezekana njoo mara mbili kabla ya kuhamisha familia, mara moja kiangazi cha mwezi wa saba au wa nane, na mara moja msimu ukiwa umepamba moto. Kama uwezo ni wa safari moja tu, njoo msimu, halafu lipa miezi mitatu hata kama dalali ananuna.

Unapokwenda kuangalia nyumba, weka kipande cha sabuni ya mche mfukoni. Usicheke. Maeneo ya karibu na bahari visima vingine vina chumvi, na dalali atakuambia "maji yapo" bila kusema ni maji gani. Fungua bomba, nawa, uone kama povu linatoka. Kisha onja. Uliza maji ya mamlaka yanatoka siku zipi na kama kuna simtanki, tena muulize mpangaji, si mwenye nyumba.

Joto la hapa ni la jasho, na mtu wa Arusha au Mbeya ataongeza umeme kwa sababu ya feni peke yake. Liweke hilo kwenye hesabu ya LUKU. Upepo wa bahari ni mzuri jioni ufukweni Shangani, ila ndio huo unaokula mabati, bawaba za geti na mgongo wa friji. Halafu kuna gesi. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Mtungi wa jikoni kwako ni gesi nyingine kabisa, ya kuagizwa nje, nao unakuja kwa lori kutoka huko huko bomba linakoelekea. Nyumba chache zimeunganishwa na gesi asilia, na yako huenda si mojawapo. Jambo hili usilifanyie utani kijiweni wiki ya kwanza. Watu wanaukumbuka mwaka 2013, vurugu zilipotokea kwa ajili ya bomba hilo, na wewe bado ni mgeni.

Sasa umbali. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi, siku nzima ya basi, au saa moja ya ndege kama mfuko unaruhusu. Kwa mtu wa Dar si haba. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, piga hesabu nyingine: zaidi ya kilomita 1,600, siku mbili ndani ya basi, na kulala Dar katikati. Gharama hiyo haimo kwenye orodha yoyote ya ubora wa miji, lakini ndiyo iliyonichoma zaidi. Baba mdogo alipofariki nilipigiwa simu jioni. Waislamu tunazika mapema. Nilifika Mwanza siku ya tatu, watu wameshaanua turubai, nikapewa mkeka nikakaa peke yangu na shangazi. Tangu hapo nina hela ya nauli ya ndege ambayo haiguswi, hata ada ya shule ikichelewa. Ukiwa na wazazi wazee mbali, hesabu fungu hilo kama kodi ya pili ya nyumba.

Masika nayo huongeza umbali. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza adha ya kivuko, lakini barabara ni hiyo hiyo moja ya pwani. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa. Njia ya kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea ipo na ina lami, ila ni safari ya kuaga. Machi mpaka Mei weka akiba ya unga, mafuta na dawa zako za kila siku.

Kuhusu dawa: kama una kisukari, presha au mtoto wa kliniki maalumu, usiulize tu kama hospitali ipo. Zipo. Ligula ni ya rufaa ya mkoa, Mitengo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Masasi kuna Ndanda ya wamisionari ambayo watu huifuata toka mbali, na Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Uliza daktari wa ugonjwa wako yupo, kliniki yake ni siku gani, na bima yako inapokelewa hapo. Chandarua si hiari. Ukanda huu una malaria nyingi kuliko Arusha uliyoizoea.

Kazi ya mwenza wako ndiyo inayozivunja hesabu nyingi za "maisha rahisi". Foleni hakuna, shule na soko unafika kwa bodaboda dakika chache, lakini mke au mume aliyekuwa na kazi ya kampuni Dar hapati tu nyingine kama hiyo hapa. Kuna bandari, halmashauri, mabenki, kiwanda cha saruji cha Dangote, maghala ya korosho, vyuo, na kwa kweli orodha haiendelei sana. Kodi ikipungua kwa nusu na mshahara mmoja ukapotea, hujapata nafuu. Biashara ndogo inawezekana, ila wenyeji wamekutangulia: neno "machinga" limetokana na Wamachinga wa Lindi.

Ukipangiwa Lindi badala ya Mtwara, mengi ni yale yale kwa kiwango cha chini: mji mdogo, tulivu zaidi, ghuba nzuri, pantoni la kwenda Kitunda. Vitu vingi utavifuata Mtwara, kilomita mia moja na ushee, na ndege pia utaipandia huko. Wenye watoto wanaopenda mji wenye pilikapilika watalalamika mwezi wa kwanza. Wangu walilalamika hata Mtwara, mpaka walipojua kuogelea.

Makoti na mablanketi mazito acha kwa ndugu. Feni nunua huku huku, ila usiinunue Novemba.