Somo: Kufunga waya wa loki kwenye bolti (someni kabla ya kuniuliza)

Salaam. Kila wiki naletewa picha ileile: bolti mbili, waya umejikunja kama mshipi uliokwama kwenye mwamba, na chini yake, "Fundi, hapa niko sawa?" Mimi ni fundi wa ndege hapa Malindi, na nyingi ninazozishika ni zile ndogo za kwenda Manda na kurudi. Naandika mara hii moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Lijueni hili kwanza: waya haukazi bolti. Bolti hukazwa na tokirenchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia "tak" kiwango kikifika. Waya kazi yake ni kuizuia isijifungue injini ikitetemeka.

1. Fungua kitabu cha matengenezo cha ndege hiyohiyo. Kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

2. Chukua waya mpya wa chuma kisichoshika kutu. Unaotumika sana ni wa inchi 0.032, kama milimita 0.8 hivi. Waya uliokwisha kufungwa mahali haurudiwi.

3. Miwani ya kazi. Vaa.

4. Kaza bolti. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, jioni, rubani anatembea huku na huku nje ya hanga. Bolti ya tatu ikafika kiwango chake, lakini tundu la kupitishia waya limegeukia kusikofikika. Nikairudisha nyuma kidogo, kidogo tu, tundu likaja. Nikafunga waya mzuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Mkaguzi akamulika tochi, akausifu. Kisha akaukata, akaweka tokirenchi juu ya bolti, ikazunguka kabla ya kulia "tak". Hakusema neno. Akanikabidhi kile kipande cha waya, akaenda zake kunywa chai. Ndege ikalala chini usiku ule.

Basi: usilegeze bolti ili tundu likae sawa, wala usiikaze kupita kiwango. Kitabu kinakupa kiwango cha chini na cha juu. Anza na cha chini, panda polepole, tafuta tundu lako humo katikati. Likigoma mpaka juu, toa bolti, badilisha washa (ile pete bapa iliyo chini ya bolti) au jaribu bolti nyingine, uanze upya. Na usichomeke bomba kwenye mpini wa tokirenchi ili upate nguvu, maana itakudanganya.

5. Pitisha waya uivute bolti upande wa kukaza. Kati ya bolti mbili za meno ya kawaida, zile zinazokazwa kwa kuzungushwa kulia, utaona umbo kama S. Ukiuvuta waya na bolti ikataka kufunguka, umekosea upande.

6. Sokota, misokoto 6 hadi 8 kwa kila inchi. Ukizidisha waya unakuwa mgumu na kukatika, ukipunguza unalegea.

7. Acha mkia wa nusu inchi hivi, uliosokotwa, uukunje ndani. Ukiukata ushike kipande, kisirukie kwenye injini.

8. Hesabu vipande na vifaa vyako, kisha mwite mwenye leseni akague na kutia sahihi. Fundi asiye na leseni haachilii ndege.

MASWALI

Kijana wa Watamu: Sijasoma yote, ni ndefu. Ni waya gani?
— Hatua ya 2.

Kijana wa Watamu: Nina waya wa shaba nimeutoa kwenye mota mbovu. Si ni uleule tu?
— Si uleule. Kwenye ndege shaba nyembamba hufungwa pale panapotakiwa kukatika kwa mkono, kama kwenye mpini wa kizimamoto. Wewe unataka bolti ya injini ikatike kwa mkono?

Mwanafunzi, Mtwapa: Shikamoo fundi. Kama bolti imefika toki yake (kile kiwango cha kukaza) sawasawa, mbona bado tunaifunga waya? Na ikiwa na meno ya kushoto?
— Marahaba mwanangu. Mtetemo huisogeza bolti kidogo kidogo, na ikishaanza kulegea hairudi yenyewe. Waya unaizuia mwanzoni kabisa, na pia unakusaidia kuona: ukiupita na tochi ukaukuta umelegea au umekatika, unajua pa kuangalia. Meno ya kushoto, geuza kila kitu, S inakuwa kinyume. Usikariri umbo. Weka kidole juu ya bolti, jiulize inafungukia wapi, kisha uvute waya kinyume chake.

Fundi mstaafu: Koleo la kusokotea linaumiza waya. Sisi tulifunga kwa mikono.
— Mzee, koleo halina kosa, kosa ni la anayelibana mahali pa waya patakaposhika kazi. Lakini pembeni, mahali koleo haliingii, nami nafunga kwa mkono.

Kijana wa Watamu: Tutumie nati za plastiki tumalize.
— Mahali pa moto hapana. Zile za nailoni mwisho wake ni kama nyuzi 121 za Selsiasi. Na ikizunguka kwa vidole tu mpaka mwisho, itupe.

Fundi wa boti, Lamu: Huku chumvi inakula kila kitu. Nyinyi mnafanyaje?
— Maji baridi, yasiyo na chumvi, ami, kila tunapoweza, hasa kusi likivuma. Osha, kausha, paka kinga. Waya wenyewe unavumilia, kutu huanzia chini ya washa. Nyanyua moja uone.

Mama wa Ngomeni: Mwanangu akisomea haya, kituo cha roketi kitamchukua?
— Dada, roketi ya mwisho ilirushwa pale 1988. Ile ya satelaiti ya Uhuru ilikuwa 12 Desemba 1970, siku ya uhuru, ndipo jina likatoka. Sasa kazi ni antena na kupokea habari za satelaiti. Asomee umeme na mawasiliano, na hili la waya alijue pia, antena nazo zina bolti.

Mwanafunzi, Mtwapa: Nimejaribu kwenye kipande cha chuma, bolti tano. Picha hizi.
— Ya nne imelegea, kata. Ya tano mkia umeuelekeza kwako, utakuchana utakaporudi kuifungua. Zilizobaki ningezitia sahihi.