Picha za mfuatano: anzeni na dagaa wa Kibirizi

Wadau wa picha hapa Kigoma, picha za mfuatano ni picha kadhaa za kitu kimoja kinavyobadilika. Mtu akitaka kuonyesha mabadiliko anapiga picha kumi za sehemu kumi tofauti, afu anashangaa mbona hazisemi kitu. Mabadiliko yanaonekana pale ambapo kuna kitu hakijabadilika, yani sehemu ileile, urefu uleule wa kamera, ndo jicho linashika kilichosogea.

Nendeni Kibirizi, pale ufukweni wanapoanika dagaa, asubuhi mitumbwi ikirudi. Salimieni kwanza, shikamoo mama, naomba kupiga picha dagaa wako toka asubuhi mpaka jioni, mweleze ni za nini, akikataa sogea kwa mwingine. Akikubali chagua kipande kidogo cha pale anapoanika, kiwe na kitu cha kudumu pembeni, jiwe au mguu wa chanja, hicho ndo alama yako. Weka stendi, au chora alama ya miguu yako kwenye mchanga ila watoto wataifuta so bora uchomeke kijiti. Picha ya kwanza dagaa wanang'aa kama bati jipya, wamelala wamenyooka, macho bado meusi ya maji. Kila nusu saa piga tena. Saa sita mchana wameanza kujikunja mikia, mng'ao unakufa, wakigeuzwa piga kabla na baada, jioni wamesinyaa mpaka mchanga unaonekana katikati yao na hiyo nafasi iliyofunguka mimi ndo naipenda kuliko zote.

Jua linatusumbua sana huku. Ziwa Tanganyika liko magharibi, so ukielekeza kamera ziwani asubuhi itakuwa safi afu jioni kila kitu kinakuwa cheusi na mfuatano unakatika. Elekeza kusini au kaskazini, uufuate ufukwe. Kwenye simu bonyeza kioo kwa muda kidogo mpaka fokasi na mwanga vijifunge, usiache simu iamue yenyewe kila picha.

Kwa vitu vya haraka kama mtu anarusha kamba ya boti, tumia mode ya kupiga mfululizo. Mpiga picha Muybridge kule Marekani 1878 alipanga kamera 12 kupiga farasi anayekimbia, leo simu yako moja inatosha.

Ukimaliza punguza bila huruma. Kati ya ishirini baki na tano au sita, toa mbili zinazofanana hata kama zote nzuri.

Na kuna mfuatano wa polepole ambao natamani sana watu wetu waufanye, ziwa lenyewe. Toka 2020 maji yalivyopanda yakaingia mpaka kwenye nyumba za kando, picha zipo ila kila mtu alipigia pake. Chagua mti au nguzo, piga mara moja kwa mwezi mwaka mzima, masika yakiisha maji yanakuwa juu, kiangazi kikiisha yameshuka. Tarehe andika palepale kwenye jina la picha, ukizituma WhatsApp ile tarehe ya ndani inapotea.