Karafuu kwenye foronya: krosi stichi kwa anayeanza, robo saa kila jioni

Assalaam alaykum wenzangu. Leo nataka nikuelekezeni kushona krosi stichi, zile ekisi ndogo ndogo zinazopangwa mpaka zinatoa ua au herufi, na tutashona kitu kimoja tu mpaka kiishe, ukingo wa foronya wenye vikonyo vya karafuu. Nimechagua foronya kwa sababu inalaliwa kila siku. Kazi nyingi za mikono majumbani kwetu zinafungiwa kabatini zikingoja harusi au mgeni, na mie naona kitambaa ulichokitolea macho yako mwezi mzima kina haki ya kuonekana na watoto wako wakiamka asubuhi.

Na msiseme hii kazi ya kizungu hatuiwezi. Mama yangu Pemba alikuwa akisuka ukili huku anazungumza na majirani, mkono unakwenda wenyewe lakini kichwani anahesabu chane, akikosea moja anafumua mpaka pale pale penye kosa. Krosi stichi ndo hivyo hivyo, ni hesabu tu. Mtu aliyewahi kusuka mkeka wa rangi au kushona kofia za viua ana mikono tayari, bado kuonyeshwa njia.

Kitambaa sasa. Maalum kwa kazi hii kinaitwa Aida, kimefumwa kwa vyumba vyumba na kila kona ina kitundu, kinachotumika zaidi ni namba 14 maana yake kila inchi moja ina vyumba 14, sawa na vitano na nusu kwa sentimita. Kizuri sana ila si kila duka la vitambaa utakikuta, na kwa mtu anayeanza mie nasema chukua pamba ya drafti, ile ile ya kushonea yunifomu za watoto wa skuli, yenye vyumba vidogo vya milimita 4. Kila chumba kimoja kinakuwa ekisi moja, hakuna kuchora wala kupima. Chagua drafti hafifu, kijani cha maji au kijivu, ili uzi uonekane. Nusu mita inatosha na itabaki, ila mkata akukatie kwa upana wote wa kitambaa.

Uzi uwe wa pamba wa kudarizia, sio wa cherehani. Ukiutazama kwa karibu utaona umeungwa kwa nyuzi sita nyembamba ambazo zinaachana, na kibunda kimoja kwa kawaida kina mita 8. Kimoja cha waridi na kimoja cha kijani vitatosha kazi yote hii. Sindano kwa Aida iwe butu maana vitundu vipo tayari, kwa drafti lazima iwe na ncha, na tundu lake liwe refu la kupitisha nyuzi nne. Mkasi mdogo mkali. Fremu ya mviringo ya kukazia kitambaa ukiipata vizuri, usipoipata shona mkononi tu kama wanavyoshona kofia.

Kabla ya yote fua kitambaa, pamba inarudi. Halafu jaribu uzi, na hapa naomba mnisikilize sana. Kata kipande, kiroweshe, kibane kwenye kitambaa cheupe kwa kidole dakika moja. Ukiona doa uzi huo usiuguse. Mie nilishona foronya mbili nyeupe kwa uzi mwekundu niliouziwa nikaambiwa hautoki rangi, zilikuwa za mdogo wangu anaolewa, siku ya kuzifua nikazitoa majini zote zimekuwa pinki mabaka mabaka, nililia kweli. Baadae nikafundishwa kwamba rangi ikianza kutoka usiache kitambaa kikauke wala usikipige pasi, kiweke chini ya maji baridi yanayopita mpaka maji yawe meupe, ila zangu zilikuwa zishakauka kwenye kamba.

Haya, karafuu yenyewe. Tunashona kikonyo kilicho tayari kuchumwa, kichwa kimeanza wekundu na shina bado kijani. Chukua daftari la hesabu la mtoto lenye vyumba ujichoree, upana vyumba vinne urefu saba. Mstari wa juu kabisa paka waridi vyumba viwili vya kati. Wa pili waridi vyote vinne, wa tatu pia vinne. Kuanzia wa nne mpaka wa saba ni kijani, viwili viwili vya kati. Hesabu: waridi kumi, kijani nane, ekisi 18 na karafuu imekamilika. Kati ya karafuu na karafuu ruka vyumba viwili. Foronya yenye mdomo wa sentimita 50 ina vyumba 125, zinaingia karafuu 20 na vinabaki vyumba saba vya kugawa pembeni. Ukishona mbili kila jioni basi jioni kumi umemaliza. Kwa Aida namba 14 ukingo huo huo unaingia karafuu 45, ndo maana nikasema muanze na drafti msije mkakata tamaa katikati ya njia.

Kata utepe wa drafti wa urefu wa sentimita 56 na upana 9, huu ndo tunaoushona karafuu na mwisho unaungwa kwenye mdomo wa foronya. Ukunje katikati kwa urefu na kwa upana, pale mikunjo inapokutana ndo kati yako, tia alama ya uzi na anzia hapo ukielekea pembeni. Nafasi zinazobaki kwenye ncha mbili za utepe zitakuwa karibu sawa hata ukikosea kidogo.

Kukata uzi tumia kipimo cha wazee, mkono mmoja, ncha ya kidole cha kati mpaka kiwiko. Ukizidisha unajifunga mafundo na unachakaa kabla hujaumaliza. Sasa kwa kuanzia bila fundo kuna ufundi mzuri sana: chukua nyuzi mbili tu kati ya zile sita, zichomoe mmoja mmoja zisisukane, lakini urefu ziwe mikono miwili. Zikunje katikati, ncha zote nne pitisha kwenye tundu la sindano, upande wa pili kunabaki kitanzi. Toka chini ya kitambaa kwenye kona ya kushoto chini ya chumba, usivute mpaka mwisho, kitanzi kibaki nyuma. Zama kona ya kulia juu, geuza kitambaa, pitisha sindano ndani ya kile kitanzi ndo uvute polepole. Umeshika, na nyuma hakuna kivimbe cha kumuumiza mtu shavu akilala. Na hapo una nyuzi nne zinazojaza chumba cha drafti. Kwa Aida chukua uzi mmoja ukunje zipatikane mbili.

Ekisi sasa. Mguu wa kwanza unakwenda kushoto chini kuelekea kulia juu, mguu wa pili kulia chini kuelekea kushoto juu. Ukiwa na mstari wa rangi moja shona miguu ya kwanza yote ukienda, kisha rudi na miguu ya pili. Jambo moja tu usilivunje, mguu wa juu uelekee upande mmoja kwenye kazi nzima, kutoka karafuu ya kwanza mpaka ya ishirini. Ukichanganya, mwanga utaangukia vibaya na kazi itaonekana ina makunyanzi hata kama hesabu imetimia. Usivute sana pia, uzi ulale juu ya kitambaa, kikianza kujikunja ujue mkono wako mzito. Na uzi ukianza kujisokota iache sindano ining'inie yenyewe, itazunguka mpaka uzi unyooke.

Kumaliza rangi geuza nyuma, pitisha sindano chini ya mishono minne mitano ndo ukate. Usiruke na uzi wa kijani kutoka karafuu moja kwenda nyengine kwa nyuma kwa umbali mrefu, vidole vya watoto vitanasa humo.

Ukikosea hesabu, fumua. Najua inauma, lakini kosa la chumba kimoja kwenye karafuu ya tatu litakufata mpaka ya ishirini.

Wakati ni ule ule ulionao. Mie hukaa barazani baada ya alasiri mpaka karibu na maghrib, jua limeshapoa na macho hayaumi, mwanga nauweka mkono wa kushoto kivuli cha mkono wangu kisiangukie kazi. Kazi inakaa kwenye kikapu cha ukili kando ya mlango, sio chumbani, nikikaa tu naivuta. Nikiiweka mbali wiki inapita. Nawa mikono kwanza, hasa ukitoka kukuna nazi au umejipaka mafuta, maana pamba inanywa kila kitu. Sindano usiiache imechomekwa kwenye kitambaa usiku, hewa yetu ya bahari inaitia kutu upesi na doa la kutu ni gumu kutoka, ichomeke kwenye kipande cha flana kikavu. Nyumba yenye watoto zihesabu kabla hujanyanyuka.

Binti yangu wa darasa la tatu yeye ndo mhesabuji, anakaa na daftari ananisomea "waridi nne mama, kijani mbili", na siku hizi mstari wa kijani anaushona mwenyewe.

Karafuu zikitimia fua utepe kwa maji baridi na sabuni laini, usiukamue, ufunge ndani ya taulo uukandamize. Ukiwa bado na unyevu kidogo ulaze kifudifudi juu ya taulo nene upige pasi kwa nyuma, ekisi zitabaki zimesimama hazitabonyea. Kunja pembeni sentimita moja na nusu kila upande, ushike kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwenye kitambaa cha foronya kabla foronya haijafungwa, halafu pitisha cherehani juu na chini. Ukisubiri foronya iwe imeshashonwa utajikuta umeunga mdomo wote na mto hauingii. Drafti iliyobaki inatosha foronya ya pili, kata utepe wake leo leo uutie kwenye kikapu pamoja na uzi.