Kabla Hujatoa Hela ya Simu Mpya

Mwezi wa nne, mama mmoja anayekaanga samaki pale Deep Sea alikuja kwenye meza yangu ya ufundi simu, Ngamiani, Tanga, simu mkono mmoja, bahasha mkono wa pili. Ndani ya bahasha mna laki nne na ishirini. "Mwanangu, nipeleke duka la kweli nisije nikaibiwa. Hii imeshanishinda." Hiyo iliyomshinda aliinunua mwaka 2021. Nikamuuliza, imekushinda kwa lipi, mama? Akasema haishiki chaji mpaka waya auegemeze kwenye tofali, na hata ikishika, ikifika saa sita mchana imezima, wateja wanapiga hawampati.

Nikavaa taa ya kichwani, nikamulika tundu la chaji. Limejaa. Nikaizima simu, nikaingiza kijiti cha meno taratibu, nakwangua pembeni na kupaacha katikati penye pini. Kikatoka kidonge cha vumbi, nyuzi za kanga na unga wa ngano uliogandana na mafuta, ukubwa wa mbegu ya papai. Nikapiga brashi yenye spiriti kidogo, nikaacha ikauke. Waya ukaingia mpaka ukalia "tak". Ikabaki betri, na hiyo ilikuwa imechoka kweli, mgongo wa simu umeanza kuinuka. Betri na ufundi, elfu ishirini na tano. Laki tatu na tisini na tano akarudi nazo nyumbani.

Wiki hiyohiyo alikuja kijana wa bodaboda anataka nimrekebishie simu yake, nikamwambia asipoteze hela, anunue mpya na asichelewe. Kwa nini huyu nimemwambia hivi na yule vile, ndicho ninachotaka kukieleza, maana kila siku naona ada ya mtoto au mtaji wa genge ukigeuka simu ambayo mwenyewe hakuihitaji, na naona wengine wanang'ang'ania simu ambayo itawaponza.

Anza na karatasi

Kwa siku tatu, kila simu inapokukera, andika imefanya nini na ilikuwa saa ngapi. Usiandike "imezeeka". Andika "imezima ikiwa na asilimia 30", "nikipiga sisikiki", "kamera inakataa kufunguka". Wateja wengi wakifika kwangu wanasema simu ni nzito, basi. Ukiwauliza sana unakuta tatizo ni moja tu, limewachosha mpaka wanaona simu nzima haifai.

Ukishapata orodha, igawe. Chaji, betri, spika, maiki, batani ya kuwashia: hivyo ni vya fundi na havifiki bei ya kutisha. Simu kujaa ni kazi yako mwenyewe, huhitaji hata kunilipa. Fungua WhatsApp, nenda Mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, halafu kudhibiti hifadhi. Utaona kundi lipi limekula nafasi. Kuna mzee nilimfutia GB 11 za video za harusi na za kusambaziana, simu ikaanza kuitika kama zamani, naye alikuwa ameshaulizia bei dukani.

Betri nitaisema kidogo zaidi kwa sababu ndiyo inayosingiziwa uzee wa simu. Betri za simu hizi ni za lithiamu na zinachakaa kwa kuchajiwa. Nyingi zikifikisha mizunguko kama 500 ya chaji kamili zinabaki na uwezo wa asilimia 80 hivi, na joto linaharakisha. Kwa joto letu la Tanga, simu inayolala chini ya mto ikichaji, au inayokaa karibu na jiko kutwa, ikifika mwaka wa pili au wa tatu lazima ilie. Hata Apple mwishoni mwa mwaka 2017 walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Watu waliodhani simu imekwisha, walibadilisha betri kasi ikarudi. Ila betri iliyovimba usiisubiri. Zima simu, usiichaji, usiibonyeze, ilete siku hiyohiyo.

Hesabu ya mwezi

Bei ya simu usiitazame ilivyoandikwa kwenye kabati la kioo. Igawe kwa miezi utakayoitumia. Ile simu ya laki nne na ishirini, mama akiitunza miaka mitatu, ni kama elfu kumi na moja na mia saba kwa mwezi. Betri ya elfu ishirini na tano, ikimpa mwaka mmoja na nusu tu, ni elfu moja na mia nne kwa mwezi. Nilimwandikia namba hizo mbili nyuma ya bahasha yake, akazitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe." Sikuongeza neno.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayosema pia lini ununue. Kioo kikipasuka kwenye simu ya kioo cha kawaida, kwangu ni kati ya elfu thelathini na tano na sitini kutegemea aina. Kioo cha AMOLED, kile cha gharama ambacho kila nukta inajiwakia yenyewe, kinaweza kupita laki moja na nusu. Kama simu yenyewe ukiiuza leo hupati laki mbili, na betri nayo imechoka, usiniletee hela zako. Na fundi akikutajia bei ya kioo muulize kama ni halisi au kopi. Kopi inawaka vizuri siku ya kwanza, halafu tachi inaanza kujibonyeza yenyewe.

Simu ambayo sitaitengeneza

Sasa yule kijana wa bodaboda. Simu yake ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2, Android 8, na nilipofungua Mipangilio, Kuhusu simu, tarehe ya sasisho la usalama ilikuwa ya mwaka 2019. Nenda ukatazame ya kwako, inachukua dakika moja. Sasisho la usalama ni kiraka cha mashimo yanayogundulika kwenye programu ya simu. Likikoma, mashimo yanabaki wazi, na yeye humo ndani ana akaunti ya simu yenye hela ya wiki nzima, ana programu ya benki na ana picha ya leseni yake. Hakuna kifaa ninachoweza kukichomea na risasi ya kuchomelea kikaziba hilo.

Tena programu zenyewe zinaziacha simu za zamani nyuma. WhatsApp iliacha Android zilizo chini ya toleo la 5 mwezi Oktoba 2023. Programu ya kuita abiria anayoitegemea ilikuwa inajifunga kila akipokea safari. Kijana amepoteza abiria watatu wanne kwa siku kwa ajili ya simu. Kwake yeye mpya ni kitendea kazi, kama tairi la pikipiki.

Kwa hiyo ukinunua, usiulize kamera kwanza. Uliza itapewa masasisho mpaka mwaka gani. Google walipotoa Pixel 8 Oktoba 2023 waliahidi miaka 7, Samsung wakaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24 Januari 2024. Hizo ni simu za bei kubwa. Za bei ya kati ahadi ni fupi zaidi, na nyingi za bei ya chini haziahidi kitu. Simu ya laki tano itakayotunzwa miaka mitano ni rahisi kuliko ya laki mbili na nusu itakayotelekezwa baada ya mwaka.

Wavuvi wa Sahare na Kasera wao wananiuliza zile simu zisizoingia maji. Nawaambia ukweli: vipimo vile vya IP68, alama ya kuzuia maji, hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na simu mpya. Bahari ina chumvi na mawimbi, na gundi inayozuia maji inachoka kadiri simu inavyokaa, hasa ikishafunguliwa na fundi. Nimefungua simu iliyoingia maji ya bahari nikakuta pini za chaji zimeota ukoga wa kijani. Ukiwa unakwenda baharini beba kiswaswadu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, simu janja iache nchi kavu. Kiswaswadu kinakaa na chaji siku kadhaa, na kikizama moyo hauumi sana.

Dukani

Maandishi ya kwenye boksi yasikutishe. Ukiona RAM imeandikwa 8+8, ya kweli ni 8, hiyo 8 nyingine inaazimwa kwenye hifadhi, na hifadhi ina kasi ndogo kuliko RAM. Kamera ya megapikseli 108 kwa kawaida huunganisha nukta tisa kuwa moja, ukapata picha ya megapikseli 12. Usiulipie wingi wa namba. Piga picha mbili mle dukani mahali penye giza kidogo, uzikuze, uone uso umetokaje. 5G nayo, kama mtaani kwenu haijafika, unailipia bure. Nafasi ya hifadhi usiibanie: GB 128 na kuendelea.

Anayeletewa iPhone kutoka Marekani awe na tahadhari mbili. Kuanzia iPhone 14, zinazouzwa kule hazina tundu la laini, zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyojengewa ndani ya simu, kwa hiyo uliza kwanza mtandao wako kama unakupa. Pili, nyingine zimefungwa kwa mtandao wa kule. Weka laini, piga simu, ndipo utoe hela.

Hapa naongea nikiwa na kidonda. Mwaka 2019 mdogo wangu alikuwa anaanza chuo, nikadunduliza laki tatu na themanini nikamnunulia simu "mpya" kwenye duka moja mjini Dar es Salaam. Boksi lina nailoni yake, kila kitu kinang'aa. Mimi, fundi, nikaona haya kuifungua mbele ya muuzaji. Miezi minne betri ikavimba. Nilipoifungua nikakuta vichwa vya skrubu vimekwaruzwa na bisibisi na gundi ya nyuma siyo ya kiwandani. Ilikuwa simu iliyotumika, ikavalishwa. Nilirudi, wakanikana, na risiti sikuwa nayo. Mdogo wangu alimaliza mwaka wa kwanza akiazima simu za wenzake kusoma maelezo ya darasa.

Kwa hiyo usione haya. Piga *#06# ukiwa palepale, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu hiyo namba ni ya simu gani. Jina likija la simu nyingine, rudisha. Nilikuwa mwanagenzi tu kwenye kazi hii TCRA walipozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na nakumbuka foleni ya asubuhi yake, watu wameshika simu zisizo na mtandao wakidhani zimeharibika. Kwenye Samsung piga *#0*# upate menyu ya majaribio, upitishe kidole kioo kizima uone kama kuna mahali pasipoitika. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la simu, na waranti ya maandishi. Muuzaji anayekasirika kwa hayo, muage kwa heshima.

Simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku ipigie hesabu kabla hujasaini. Jirani yangu alichukua ya kutanguliza elfu sitini, halafu elfu moja na mia tano kila siku kwa siku 365. Jumla laki sita, elfu saba na mia tano. Dukani ile ile kwa taslimu ilikuwa laki tatu na nusu. Na ukikosa kulipa inajifunga, pamoja na picha zako na namba za wateja wako. Kama hela taslimu huna na kazi inasimama bila simu, ichukue, ila ujue umelipa karibu simu mbili. Kama unaweza kuvumilia, weka hiyo elfu moja na mia tano kwenye kibubu: siku 234 umeshaifikia.

Usihame bila funguo

Gharama ya mwisho haiandikwi popote, nayo ndiyo inayoliza watu mezani kwangu. Ulipofungua simu ya zamani, yule kijana wa dukani alikutengenezea akaunti ya Google, akaweka nywila anayoijua yeye. Sasa unahamia simu mpya, namba zote na picha zimo kwenye akaunti ambayo huijui. Mama mmoja alikuwa na picha pekee za marehemu mume wake humo. Zilikuwa bado kwenye simu mbovu, ikanichukua siku mbili kuiwasha kwa muda wa kutosha kuzihamisha.

Kabla ya kununua, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, weka nywila yako mwenyewe, na namba yako ya simu ya kurejeshea. Nywila hiyo iandike kwenye daftari la nyumbani. Hifadhi nakala ya WhatsApp. Hamisha, kisha kaa na simu zote mbili wiki mbili, maana ndani ya wiki hizo ndipo utakapokumbuka risiti, sauti ya mtoto au namba uliyoisahau. Baada ya hapo ondoa akaunti kwenye ile ya zamani, ndipo uifute yote. Ukifuta bila kuondoa akaunti, atakayeinunua inaweza kumfungia njia na atakurudia wewe. Toa laini. Toa na kadi ya memori, watu wengi wanaiacha.